Nilikata Waya wa Jirani Ili Watoto Wasome

Nilikata waya wa televisheni ya jirani kwa mkasi wangu wa kazi, Jumamosi saa kumi jioni, nikiwa nimesimama juu ya stuli ya jikoni na kujiona mzazi wa maana. Nilidhani ni waya wetu. Niseme hivyo mapema, kabla mtu hajaniona mbaya kuliko nilivyo.

Ploti yetu hapa Nakuru ina nyumba nne zilizopangwa mstari mmoja chini ya paa moja la mabati. Ukuta kati ya nyumba na nyumba ni mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya, ni mimi husema pole. Antena zote nne zimefungwa kwenye bomba moja karibu na tangi la maji, na nyaya zake zinashuka kwenye ukingo wa paa zikiwa zimesukanasukana kama nywele za mtoto aliyekataa kutulia. Niliufuata mmoja kwa kidole, nikaufuata tena, nikafika dirishani kwetu, nikasema ni huu, nikaukata. Mkasi wenyewe ni ule wa sweta, mkali, haujui kusitasita. Mimi hufuma sweta za shule kwa mashine, hapo hapo sebuleni, na mkasi huo nimekataza kila mtu kuugusa, hata kwa kukata kucha.

Nikashuka. Nikaingia ndani mkasi ukiwa mgongoni, uso nimeuweka wa huzuni, tayari kutangaza kwamba televisheni imekufa na sasa tusome.

Televisheni yetu ilikuwa inacheka. Watu fulani wa vichekesho walikuwa wanaangushana matopeni, picha safi, sauti safi. Binti zangu wawili walikuwa sakafuni, vitabu juu ya meza ya chai, simu ya mkubwa ikipiga nyimbo zake zenye besi juu ya hayo yote. Hakuna aliyeinua kichwa. Kilichokuwa kimenyamaza ni ukuta.

"Mathe," mdogo akaniambia, "kwani shosh amezima tivii? Si yeye hazimangi?"

Shosh ni jirani yetu wa mkono wa kulia, mama aliyestaafu kutoka kiwanda cha pareto. Anaishi peke yake, na televisheni yake huwaka saa nane mchana ikaongea mpaka anapolala, kwa sauti ya kutosha kuhudumia ploti nzima na wapita njia. Binti zangu humwita shosh, yaani nyanya. Mimi humwita mathe kama kila mtu. Yeye huniita Mama Wasichana.

Dakika tano hazikuisha, akabisha.

"Mama Wasichana, tivii yenu inashika?"

Nyuma yangu watu wa vichekesho walikuwa bado wanaangushana.

"Inashika," nikasema. "Kidogo kidogo."

"Yangu imekataa. Imeandika hakuna mawimbi."

"Labda ni upepo, mathe."

Upepo wa Nakuru umebebeshwa makosa mengi, lakini sidhani umewahi kubebeshwa la mkasi. Mama wa watu akaangalia juu kwenye paa, akaangalia mti wa mtaani ambao hata jani halikuwa linatikisika, akasema atatafuta fundi. Mimi nikafunga mlango, nikazima televisheni yetu, nikaificha rimoti ndani ya gunia la nyuzi, kama kwamba hiyo ingesawazisha mambo.

Sasa niseme kwa nini nilipanda stuli.

Binti yangu mkubwa alikuwa kidato cha pili. Mtihani wa kufungua muhula wa tatu, akaleta D plus ya hesabu. Baba yao hufanya kazi kule kwenye mitambo ya umeme wa mvuke, Naivasha, na huja nyumbani kila baada ya wiki mbili akiwa na nguo chafu na maamuzi. Ni mtu mzuri, ila kazi imemfundisha kwamba kila presha ina vali yake mahali fulani, ni kuizungusha tu. Alisoma ripoti, akasikiliza nyimbo za simu, akasikiliza televisheni yetu, akasikiliza ya jirani, akauliza, "Hapa mtu anasomea wapi?"

Akaikunja ripoti.

"Basi kama muhula ukiisha hajafika C ya hesabu, Januari anaenda boarding. Kule Subukia, shule ile ya bweni iko karibu na kwa dada yangu."

Mimi nilikuwa wa kwanza kukubali. Nilisema, "Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo," sauti ya mtu mwenye msimamo. Halafu nikaenda jikoni nikakata vitunguu vinne ambavyo hakuna aliyekuwa ameviomba.

Ukweli ni kwamba sikutaka aende popote. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nje ya geti naenda kununua nyuzi, na nikirudi nalalamikia jua kama mtu aliyetoka safari ya wiki. Siku yangu ni mashine, sufuria, na wale wawili kuingia saa kumi na viatu vya vumbi wakisema wanakufa njaa. Huyu mkubwa ndiye huniambia shingo ya sweta imekaa upande. Ndiye anayejua kwamba nikisema "siko na kitu" niko na kitu. Aende Subukia, abaki nani wa kunicheka vizuri? Mdogo hunicheka pia, lakini yeye hucheka ovyo, hachagui.

Kwa hiyo nilitangaza vita dhidi ya kelele, na majeruhi wa kwanza alikuwa mama wa pareto.

Kuanzia Jumatatu yake nikaweka sheria. Kumi na nusu hadi saa moja, nyumba kimya. Simu kabatini. Rimoti ilipo, hakuna anayejua. Na ili wasiseme nawaonea, hata mashine yangu nikaisimamisha, ingawa nilikuwa na sweta za kijani za shule moja zinazongojewa kama mvua. Nikakaa kwenye kiti mikono mapajani. Sijui kama umewahi kumwona mtu wa mashine akiwa amekaa bila mashine. Vidole vyangu vilikuwa vinafuma hewa.

"Naskia saa," mkubwa akasema.

"Saa gani?"

"Ya ukuta. Kwani hupiga hivyo siku zote?"

"Mimi naskia mathe akipumua," mdogo akasema. "Kama ng'ombe amelala."

"Someni."

Wakasoma. Au waliinamisha vichwa, ambayo kwa mbali hufanana. Nikahesabu mpaka nikachoka. Nikainuka nikaangalia maharagwe, nikarudi. Nikapita nyuma ya kiti cha mkubwa nikachungulia daftari.

"Umefika namba ngapi?"

"Tatu."

"Unaelewa?"

"Naelewa."

"Una uhakika?"

"Nilikuwa nao."

Nikarudi kukaa. Mlango wa choo cha nje ukagongwa na mtu. Mbwa wa nyumba ya nne akabweka, akaacha, akakumbuka, akabweka tena. Vitu hivyo vilikuwepo siku zote, nadhani, lakini vilikuwa vimefunikwa, na sasa kila kimoja kilikuwa kinaingia kama mgeni na kungoja kupewa kiti. Mkubwa akaenda kunywa maji. Akarudi. Akachonga penseli. Akachonga nyingine ambayo haikuwa na shida yoyote. Nikasema penseli hizo zitaisha. Akasema sawa. Nikauliza kama ana njaa. Akasema hapana. Nikasema basi asome. Akaniangalia kwa muda mrefu, halafu akaangalia daftari, na nikaona hakuna kitu kilichokuwa kinatoka kwa daftari kwenda kwake wala kwake kwenda kwa daftari.

Ng'ambo ya ukuta, kimya. Fundi alikuwa amesema atakuja kesho, na kesho ya fundi ilichukua siku kumi. Kila jioni nilikuwa namsikia mama wa watu akisogeza kiti, anaketi, anainuka, anafungua dirisha, analifunga. Wakati mwingine alitoka akakaa kwenye benchi mlangoni pake, mikono mapajani kama mimi, akiangalia geti kana kwamba taarifa ya habari ingeingia kwa miguu. Nikimpita na beseni la nguo ananiuliza, "Upepo umetulia?" Namjibu, "Bado, mathe." Nilikuwa napita haraka sana siku hizo. Nilijaribu kumpelekea chapati. Akashukuru, akasema ni laini, akauliza leo ni siku gani, maana bila tivii hajui. Nilirudi kwangu nikakaa kwenye kiti, nikainuka, nikakaa.

Wiki ya pili ukaja mtihani wa katikati ya muhula. D. Si D plus. Ile plus pia ilikuwa imeondoka, kama mgeni aliyeona hali ya nyumba.

Aliiweka karatasi juu ya mashine yangu, na mimi sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikaanza na kila mahali. Nikasema nimewafungia kelele zote. Nikasema wengine hawana hata meza. Nikasema mimi nilisoma na koroboi, Subukia huko kwetu, nyumba kimya mpaka unasikia ng'ombe akicheua, na tulisoma tu.

"Na ulipata nini hesabu?" mdogo akauliza.

"Nyamaza wewe."

"Nauliza tu, mathe. Kwa sababu ya historia."

Mkubwa hakucheka. Akasema polepole, "Mathe, mimi nilikuwa nafanyanga hesabu na tivii ya shosh."

"Unafanyaje hesabu na tivii ya mtu?"

"Si kuangalia. Kuskia." Akavuta kiti. "Ile D plus ya kufungua, mwalimu alituambia shida yangu ni taimu. Najua kufanya, lakini napiga swali moja nusu saa. Sasa shosh huwa na ile drama yake ya saa kumi na moja, ya wale wamama wa kulia. Matangazo yao huja vile vile kila siku. Nikawa nikianza swali wakianza kuongea, nalimaliza kabla ya matangazo. Matangazo yakiingia nasahihisha. Ile ya kulia ya mwisho, lazima niwe nimefika namba kumi. Nilikuwa nimefika nane, mathe. Wiki ile kabla ya upepo, nilikuwa nimefika nane."

Akasema neno upepo kwa sauti ya kawaida kabisa. Mdogo akaangalia dari.

"Kwa nini usitumie saa?" nikauliza. "Iko hapo ukutani."

"Saa hainiambii kitu. Inapiga tu."

"Na hizo nyimbo za simu je? Hizo pia ni za taimu?"

"Hizo ni za kuzuia."

"Kuzuia nini?"

Akasita. "Mashine," akasema, na mdogo akaingiza uso wote ndani ya kitabu cha sayansi, mabega yakitikisika.

Nikaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado zinadondoka maji. Nilizianua hivyo hivyo. Nilikuwa nafikiria Subukia, na ile nyumba kimya niliyowauzia watoto wangu miaka yote. Haikuwepo. Baba alikuwa na redio ya betri yenye waya wa chuma ulioning'inia mpaka kwenye mti wa kahawa, na jioni ilikuwa ni kipindi cha salamu: mtu wa mahali fulani anawasalimia shemeji zake wote, na wakati huo mama anakamua, anaita ndoo, baba anamjibu mtangazaji kana kwamba anasikika. Mimi nilikuwa chini ya meza na daftari, nikingoja jina la kwetu lisomwe. Halikusomwa hata mara moja. Lakini nilikuwa nagawanya na kuzidisha nikingoja, na siku ambazo betri ziliisha nilikuwa nalala juu ya daftari. Hesabu nilipata D, niseme tu, kwa hiyo mimi si ushahidi mzuri wa upande wowote. Ila koroboi ilikuwa kweli. Hilo siondoi.

Fundi alikuja kesho yake. Niliona ngazi ikipita dirishani nikaacha nilichokuwa nafanya, nikaanza kingine, nikakiacha. Mwishowe nikatoka, maana kukaa ndani kulikuwa kubaya zaidi. Mama wa pareto alikuwa ameshika ngazi chini. Binti zangu walikuwa wamefika kutoka shule na kusimama na mabegi yao, kwa sababu hakuna kitu kinachopendwa kwenye ploti kama mtu juu ya paa.

"Ni upepo?" mama akauliza.

Fundi akavuta ncha moja ya waya, akaiangalia karibu na macho. "Upepo hunyofoa, mathe."

"Basi ni panya."

"Panya hutafuna. Hii imekatwa." Akapitisha kidole gumba. "Tena imekatwa vizuri. Hii ni mkasi, na si wa duka la vitabu. Hii ni mkasi ya mtu wa kazi."

Nyumba ya kwanza anakaa askari wa usiku, hulala mchana kutwa. Nyumba ya nne wanauza makaa. Mimi nilikuwa nimesimama pale na vumbi la nyuzi za kijani kwenye mikono yote miwili na uzi mmoja umening'inia kwenye leso. Hakuna aliyeniangalia. Walikuwa na adabu mno, wote, hata mdogo.

"Ni mimi, mathe," nikasema.

"Nini ni wewe?"

"Niliukata. Nilikuwa natafuta wetu. Nilitaka hawa wasome."

Fundi akakohoa huko juu kwa namna ya mtu anayetaka kubaki na kazi yake. Mama wa pareto akaniangalia kuanzia leso mpaka ndala.

"Ulikuwa unatafuta yenu," akasema.

"Ndiyo."

"Ukapata yangu."

"Ndiyo."

"Haya." Akaligeukia lile paa. "Fundi, funga hiyo waya."

Hakuongeza kitu. Ningeomba aongeze. Fundi ndiye aliyeuliza kama anikatie na wetu kabisa akiwa bado juu, na binti zangu wakacheka mpaka wakashikana mabegi.

Saa kumi na moja wale wamama wakaanza kulia ukutani. Nilimwona mkubwa akiinua kichwa kidogo, akavuta daftari, akaanza kuandika, na mguu wake uliokuwa ukitikisika wiki mbili chini ya meza ukasimama. Nikatoa rimoti kwenye gunia nikaiweka mahali pake. Nikarudi kwenye mashine. Ilikuwa jioni nzuri. Ningeiacha hivyo. Lakini matangazo ya kwanza yalipoingia nilijikuta nimesimama nyuma ya kiti chake nikiuliza kama amemaliza hilo swali, na kama ana uhakika.

Tukaenda hivyo mpaka shule zikafungwa. Muhula wote nilikuwa naota Subukia: sanduku la bati, godoro limefungwa kamba, binti yangu akipunga mkono kwa adabu kama mgeni. Siku ya kufunga alileta ripoti kwenye bahasha, na baba yao, ambaye alikuwa ameomba ruhusa, akaifungua akiwa amesimama. Akaiangalia mbele na nyuma, jinsi mtu huangalia ng'ombe sokoni. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko.

"C," akasema. "Si plus, si minus."

"C ni C?" mkubwa akauliza.

"C ni C. Baki hapa na mama yako."

Nikaingia jikoni nikakata vitunguu, na safari hii vilikuwa na haki ya kuniliza.

Ungedhani yaliisha hapo. Hata mimi nilidhani. Lakini Jumatatu ya likizo ilinikuta nimebandika ratiba ukutani, imeandikwa nyuma ya karatasi ya manila, maana nilikuwa nimefikiria nikaona kwamba C iko mlango wa jirani na C minus, na kwamba kama angeongeza saa moja asubuhi angeweza kunusa B. Mkubwa aliisoma ratiba yote, akafungua daftari, akafungua nyimbo zake. Mdogo akasema yeye ripoti yake ilikuwa nzuri na angependa kuachwa nje ya serikali hii.

Jioni hiyo mama wa pareto alikuja kupimwa. Nilikuwa nimemwahidi sweta ya mikono mirefu, rangi ya maziwa, kwa kumwomba radhi, na alikuwa ameikubali bila kujifanya anakataa. Akasimama katikati ya sebule, mikono ameinyoosha pande zote mbili, mimi na futi yangu ya kupimia. Nikapima bega. Nikamuuliza mkubwa amefika wapi. Nikapima mkono mpaka kiwiko, nikakumbuka, nikamuuliza kama ile ya jana alisahihisha. Nikasahau kipimo, nikaanza upya begani. Nikamuuliza kama amekunywa maji, kama hizo nyimbo haziwezi kupunguzwa, kama anakumbuka Subukia bado iko mahali pake na gari la kwenda halijawahi kukosekana.

"Nakumbuka, mathe," binti yangu akasema, bila kuinua kalamu.

Jirani yangu alikuwa bado amenyoosha mikono kama mtu anayefukuza ndege shambani. Akaishusha, akanichukulia futi mkononi, akaikunja.

"Mama Wasichana, zile siku kumi sikuwa na tivii nilikuwa naskiza wewe. Huyu mtoto hana shida. Wa kupelekwa boarding ni wewe."